Kigutu chini ya goti, wiki ya 9: goti halinyooki, ncha imevimba. Apelekwe kupimwa mguu bandia au asubiri?

Muuguzi_Kijijini
Habari za jioni wakuu. Kuna mzee wa miaka 61, mkulima wa korosho huku Tandahimba, amekatwa mguu wa kulia chini ya goti kwa kidonda cha kisukari. Nyuzi zilitolewa wiki ya 3, kovu limefunga, hakuna usaha wala harufu. Kigutu kina sentimita 14 kutoka chini ya pia ya goti.

Shida ni mbili. Nikimlaza chali kwenye mkeka, ngumi yangu inapita chini ya goti. Na ncha ya kigutu imekuwa nene kuliko sehemu ya juu, kama kibuyu. Bandeji anafungwa na mjukuu asubuhi, mara moja tu, kwa kuzungusha duara. Mchana anashinda kwenye kiti mguu ukining'inia, usiku anawekewa mto chini ya goti. Familia wanataka aende Dar mwezi huu ili msimu wa korosho umkute anatembea. Mnashauri nini?

Fizio_Kusini
Asiende mwezi huu. Goti kwanza, mguu baadaye.

Mto, kiti na bandeji ya duara, hivyo vitatu ndivyo vilivyomfikisha hapo. Misuli ya nyuma ya paja ina nguvu, na uzito wa mguu wa chini uliokuwa ukilinyoosha goti umepungua. Ukiweka mto, misuli inajifunza ufupi. Goti likipungukiwa nyuzi (digrii) kama 10 kunyooka, fundi wa miguu bandia bado ana namna ya kulitengenezea. Likifika 25 na kuendelea, mguu unakaa vibaya, hatua inakuwa fupi na mzee anachechemea maisha yake yote.

Mto utoke leo. Alale kifudifudi dakika 20, mara tatu kwa siku, uso umegeukia upande wa mguu mzima ili nyonga ya upande uliokatwa isiinuke. Kama kifua hakimruhusu, alale chali na mguu ulale bapa. Halafu akae sakafuni, kanga iliyokunjwa iwekwe chini ya ncha ya kigutu (siyo chini ya goti!), asukume goti kuelekea chini, ahesabu hadi sita, aachie. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kwenye kiti mtengenezee ubao wa upana wa sentimita 20 na urefu wa 60, uvikwe godoro jembamba. Nusu anaukalia, nusu inabeba kigutu kikiwa kimenyooka. Fundi seremala yeyote anauweza.

Sasa bandeji. Chukua krepu, bandeji inayonyumbulika, ya upana wa sentimita 10. Goti linyooke kabla hujaanza. Anzia mbele chini ya pia, shuka upite juu ya ncha, panda nyuma, kisha rudi kwa mshazari, ukivuka mbele na nyuma kama namba nane. Kaza zaidi kwenye ncha, legeza kadiri unavyopanda, malizia juu ya goti huku pia ikiwa wazi. Bana kwa plasta, usitumie pini, maana mwenye kisukari anaweza kujichoma asisikie. Duara halifai kabisa: linabana kama kamba ya mfuko, damu inashuka lakini hairudi, ndipo mnapata kibuyu. Ifunguliwe na kufungwa upya kila baada ya saa 4 hadi 6, usiku pia anavaa. Akisikia mapigo au ganzi kwenye ncha, fungua papo hapo. Wawe na bandeji mbili, moja ikifuliwa nyingine iko mguuni. Ianikwe kwa kulazwa bapa kivulini, ukiitundika inavutika na kupoteza mnyumbuko.

Mfundishe mjukuu huyohuyo. Usimnyang'anye kazi, mkono wake tu ndio wa kurekebisha.

Fundi_Soketi
Naunga mkono, na niongeze kwa upande wa karakana. Soketi, ule mfuko mgumu unaopokea kigutu, hutengenezwa kwa umbo la siku ya kipimo. Ukichukua umbo kwa plasta ya jasi kwenye kigutu kilichovimba, wiki sita baadaye soketi inapwaya na mzee anazama hadi mfupa unagonga chini. Kwa hiyo pima mwenyewe: tepu ya fundi cherehani, sentimita 5 na sentimita 10 chini ya pia, asubuhi, mara moja kwa wiki, andika kwenye daftari. Namba zikitulia wiki mbili mfululizo na goti limenyooka, hapo safari ina maana.

Uzito kwenye mguu wa chini ya goti haubebwi na ncha. Unabebwa zaidi na ile kano ngumu chini ya pia na ubavu wa ndani wa mfupa wa muundi. Visivyovumilia ni kichwa cha mfupa mdogo upande wa nje, ukingo wa mbele wa muundi, na ncha ya mfupa. Akianza kuvaa, dakika 15 hadi 30 kisha avue mtazame. Wekundu chini ya pia ukififia ndani ya dakika kumi ni sawa. Wekundu kwenye kichwa cha mfupa mdogo, au usiofifia baada ya dakika 20, arudi kwa fundi. Asijichongee kwa kisu wala kujaza vitambaa. Ncha ikiwa nyekundu iliyokolea au inatoa maji, maana yake haigusi chini ya soketi na inanyonywa. Hiyo msiisubirishe.

Kigutu kitaendelea kupungua, hilo ni la kawaida. Ndiyo sababu ya soksi za kigutu: akiona anazama, aongeze moja. Akifika unene wa soksi nyingi hadi umbo la soketi halishiki tena, anahitaji soketi mpya. Aoshe kigutu jioni, siyo asubuhi, ngozi yenye unyevu ikiingia kwenye plastiki inachubuka. Asinyoe nywele za kigutu.

Jambo ambalo watu hulisahau: aende na viatu atakavyovaa kila siku. Mguu hupangwa kwa kimo cha kisigino. Akipimiwa na kiatu cha kisigino kisha akavaa kitu bapa, goti linasukumwa nyuma kama anapanda kilima. Akifanya kinyume chake, goti linakunjika mbele na anaanguka. Kandambili haishiki kwenye wayo bandia. Makobazi yenye mkanda wa nyuma yanashika, na kwa mchanga wa huko kwenu ni bora kuliko kiatu cha ngozi.

Muuguzi_Kijijini
Ahsanteni sana. Mawili yamebaki. Usiku analalamika vidole vya mguu uliokatwa vinakunjamana na kuungua. Na anatembea kwa gongo moja, anarukaruka.

Fizio_Kusini
Hajachanganyikiwa, mwambie na familia. Mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inapeleka habari na ubongo bado una ramani ya mguu. Bandeji nzuri na kupapasa kigutu kwa kitambaa laini hupunguza. Jaribuni kioo: akae, kioo kisimame katikati ya miguu, auangalie mguu mzima ndani ya kioo, avikunjue vidole polepole dakika 15 kila siku. Njia hii ilianzishwa na mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran miaka ya 1990, na gharama yake ni kioo tu. Ikiwa hapati usingizi, daktari amwone, zipo dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu. Panado peke yake haifui dafu hapa.

Kurukaruka kukome. Mguu uliobaki ni wa mwenye kisukari na unabeba mwili mzima. Ukipata kidonda, mguu bandia hautakuwa na mwenzake. Magongo mawili, juu yabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito ukae viganjani. Akijiegemeza kwapani, mshipa wa fahamu unabanwa na kiganja kinalegea. Nyayo zikaguliwe kila jioni kwa tochi, hasa kati ya vidole.

Stendi_Nangurukuru
Kuhusu safari. Dar kuna MOI (taasisi ya mifupa Muhimbili) na hospitali ya CCBRT. Moshi kuna hospitali ya KCMC na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza 1981, lakini kwa mtu wa Tandahimba ni mbali mno. Basi ni siku nzima, na mguu ukining'inia hivyo kigutu hufika kimevimba tena. Kata kiti cha mbele chenye nafasi, abebe ule ubao, bandeji ifungwe upya basi linaposimama Nangurukuru. Halafu wasipimwe siku ileile. Walale kwa ndugu, bandeji usiku kucha, wawahi karakana asubuhi. Na wasikate tiketi ya kurudi mapema, maana kuna kipimo, jaribio, marekebisho na mazoezi ya kutembea.

Fundi_Soketi
Hapo kwenye tiketi umesema kweli. Na daftari la vipimo waende nalo.