Wenye hoteli Unguja na Pemba, acheni kuwauzia wageni bahari ya akili mnemba!

Asalaam aleikum wakuu. Hili limetukera wengi na lazima lisemwe.

Ukifungua kurasa za nyumba za wageni za Paje, Jambiani na Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, siku hizi picha zimetengenezwa na akili mnemba (AI): bahari imejaa mpaka mlangoni, haipwi asilani. Bahari hiyo haipo! Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi mpevu au ukiandama, maji hupanda na kushuka kama mita 4. Yakitoka hubaki mchanga, mawe na vigingi vya mwani mpaka mbali huko. Mgeni aliyelipia ile picha akitua saa nne asubuhi akakuta pakavu, anasema katapeliwa, na kweli katapeliwa. Angeonyeshwa mapema angejipangia mwenyewe: asubuhi atembee mashamba ya mwani, alasiri aogelee. Kinamama wanaofunga mwani kwenye kamba ni jambo ambalo watu huvuka bahari kuja kuliona, nanyi mmewafuta.

Na mashine yenyewe haitujui. Ngalawa yake ina ndubi, ile miti ya pembeni ya kuizuia isipinduke, upande mmoja badala ya pande zote mbili, na tanga limesimama bila foromali, mti wa kufungia tanga. Kima punju wa msitu wa Jozani mkono wake una vidole vinne, gumba ni kijinundu tu. Wa kwenye matangazo yenu ana vitano. Karafuu mnazowaonyesha watu wa ziara za viungo zina rangi ya kahawia zikiwa bado mtini! Karafuu huchumwa mbichi, ina wekundu, ua halijachanua. Kahawia huja baada ya kuchambuliwa makonyo na kuanikwa juani siku kadhaa. Mtu wa Wete, Pemba, akiiona picha hiyo anajua mwenye tangazo hajawahi kukanyaga shamba.

Msiniambie mpiga picha ni ghali. Kwa chumba, simu inatosha. Futa lenzi kwanza, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoweka ukungu kwenye mwanga. Tumia lenzi ya kawaida ya simu, 1x. Ile pana ya 0.5x huvuta kuta, chumba cha kitanda kimoja kikaonekana ukumbi, kisha mgeni anaingia na begi lake hapati pa kuliweka. Simama pembeni, simu iwe usawa wa kifua, kama mita 1.2, wima kabisa; ukiiinamisha, kuta zinalala. Fungua mapazia, zima taa: mwanga wa jua ukichanganyika na wa balbu, shuka nyeupe hutoka manjano upande huu na buluu upande ule. Dirisha likitoka jeupe tupu, liguse kwenye kioo cha simu ushushe mwanga, au ngoja saa 11 na nusu jioni, mwanga wa nje unapopungua ukali. Mwenye kamera aweke stendi, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kupokea mwanga ISO 100, lenzi ya milimita 24, apige tatu kwa mwanga tofauti aziunganishe.

Pwani ya mashariki usipige bahari asubuhi ukitafuta ile feruzi. Jua linakuwa usoni, maji yanang'aa kama bati. Siku za bamvua maji hujaa kuelekea saa 10 alasiri, jua liko mgongoni mwako, rangi inatoka yenyewe. Kisha rudi palepale maji yakiwa yamekupwa, piga ya pili, uziweke zote mbili na saa yake chini ya kila moja.

Kumpa mtu wa tovuti, usizitume WhatsApp kama picha, zinabanwa na taarifa za tarehe zinapotea. Tuma kama faili, na zile za asili zihifadhi. Mgeni akilalamika, ndio ushahidi wako.

Kufuta ndoo iliyosahauliwa kibarazani sina neno nako. Kufuta jengo la jirani linaloendelea kujengwa ni utapeli, hata kama kitanda ni cha kweli. Wageni wanapandisha picha zao kwenye ramani za Google, zinakaa pembeni ya zako, na watu wanazilinganisha kabla ya kulipa.

Msingoje msimu wa Juni. Ziondoeni sasa, na anayemjua mwenye yule kima wa vidole vitano amfikishie ujumbe.