Pikipiki inapandisha sailensa (mzunguko wa injini ikiwa imesimama) yenyewe, kisha inazima

Wakuu, boda yangu ya cc 125 nikisimama kijiweni Uyole, Mbeya, mlio unapanda wenyewe, unashuka, inazima. Asubuhi na baridi hii ndo balaa. Plagi mpya, wapi! Fundi kaishia kukaza skrubu ya sailensa.

— Plagi ina rangi gani?

— Nyeupe kabisa.

— Basi inavuta hewa pembeni au petroli haitoshi. Huku kwetu juu, kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, ningetegemea nyeusi. Iwashe, nyunyizia maji kwenye mpira wa kabureta na injini. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka. Usipobadilika, zibua jeti ndogo (kitundu cha petroli ndani ya kabureta) kwa upepo. Usiichokonoe kwa waya, utaipanua.

— Mkuu, ufa upo kwa chini! Kesho sokoni Mwanjelwa kutafuta mpira.