Tupeane uzoefu: Uliwahi kudhani kihariri kimekufa, kumbe mgonjwa ni terminali?

Mgeni wa Konsoli: Wakuu, heshima kwenu. Jana usiku niliingia kwenye seva kwa ssh (njia ya kuitumia kompyuta ya mbali) nikitumia kitty, terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, niliyoisakinisha wiki hii kwenye laptopu yangu, na kila nilipofungua nano, kihariri changu cha maandishi, ilijifunga papo hapo na kuniachia mstari mmoja tu: `Error opening terminal: xterm-kitty.` Niliiondoa nano na kuisakinisha upya mara mbili, nikakagua kama diski imejaa, mpaka adhana ya alfajiri ikanikuta bado namlaumu aliyeiunda. Hatimaye niliandika `TERM=xterm-256color nano`, ikafunguka. Nani mwingine yamemkuta?

Kasuku: Hapo kwenye kusakinisha upya mara mbili umenisema mimi, mkuu.

Fundi Nyaya: Unapoingia kwa ssh, laptopu hupeleka jina la terminali yako (ndilo hukaa kwenye TERM), na seva hulitafuta jina hilo katika terminfo, hazina ya maelezo ya terminali, ambayo mara nyingi hukaa `/usr/share/terminfo`. Lisipokuwemo, nano haijui namna ya kusogeza kishale wala kufuta skrini, hivyo hukataa kuanza. Badala ya kudanganya jina, peleka maelezo yenyewe: `infocmp -x xterm-kitty | ssh seva tic -x -`. Yatahifadhiwa ndani ya `~/.terminfo`, wala huhitaji ruhusa ya root, msimamizi mkuu wa seva.

Mzee wa Seva: Maneno mengi. Weka `export TERM=xterm-256color` ndani ya `.bashrc`, faili linalosomwa kila ganda la amri la bash linapofunguka, ukalale.

Fundi Nyaya: Shikamoo mzee wangu, lakini hapo nakataa. Ukiingia ndani ya tmux, programu inayogawa terminali moja kuwa kadhaa, mstari huo unalifuta jina la `tmux-256color` na kuziambia programu uongo, kisha rangi zinavurugika na vitufe vinaandika visivyotakiwa.

Mzee wa Seva: Marahaba. Nimeishi na uongo huo miaka tisa na tmux yangu haijalalamika.

Binti Konsoli: Mnagombana, nami mmenikumbusha Ijumaa moja ambayo sitaki kuikumbuka. Nilikuwa nahariri faili la mipangilio ya seva ya wavuti kwa kutumia kihariri cha Vim, toleo la zamani, nimeshaandika kwa karibu saa nzima bila kuhifadhi, na bosi amesimama nyuma ya kiti changu akiwa na funguo za gari mkononi. Kwa mazoea ya kuandika barua za ofisi nikabonyeza Ctrl-S. Skrini ikaganda. Nikabonyeza Enter, nikabonyeza Esc, nikaipiga kibodi kwa kiganja, kimya. Bosi akauliza, “Imekufa?” Nikajibu kwamba imekufa, nikalifunga dirisha. Niliporudi kulifungua faili, Vim ikanionya kwamba kuna faili la `.swp`, lile la akiba ya kazi isiyohifadhiwa, ikanipa herufi za kuchagua, nami nikaona ni takataka iliyoachwa na programu iliyoanguka, nikabonyeza D. Ndipo nilipoiona tarehe ya faili: ya juzi yake. Kazi yote ilikuwa ndani ya lile faili nililolifuta kwa mkono wangu.

Kasuku: Ulibonyeza D?

Mgeni wa Konsoli: Dada, pole sana. Mimi wa nano nimejiona nina bahati.

Mzee wa Seva: Ctrl-S haiui kitu, binti yangu. Ni amri ya kuisimamisha terminali isitoe maandishi, tuliyorithi tangu enzi za mashine za teletaipu, na Ctrl-Q huiachilia. Vim ilikuwa hai na ilikuwa inakusikia. Ungebonyeza Ctrl-Q ungeyaona makofi yako yote yamepangwa kwenye faili.

Fundi Nyaya: Na hapo tunakubaliana. Kwa kawaida Vim huandika kwenye `.swp` kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4, kwa hiyo R (rejesha), si D (futa), ingemrudishia karibu kila kitu. Weka `stty -ixon`, amri ya kupanga tabia za terminali, kwenye `.bashrc` na Ctrl-S haitagandisha tena.

Mzee wa Seva: Kumbe `.bashrc` inaruhusiwa kuguswa?

Fundi Nyaya: Kwa stty, si kwa TERM, mzee. Tena uifungie ifanye kazi pale tu palipo na mtu kwenye kibodi, la sivyo itapiga kelele mahali pasipo terminali.

Kasuku: Mimi nahariri kila kitu kwa sed, amri inayobadilisha maandishi bila kufungua kihariri. Hakuna skrini, hakuna kuganda.

Binti Konsoli: Nawe umefuta mangapi kwa sed, Kasuku?

Kasuku: Huo ni uzi mwingine.

Mgeni wa Konsoli: Nimeifuata ile ya infocmp na tic, nano imefunguka bila kudanganya jina. Ila kwenye seva nyingine ya zamani, kitufe cha kufutia nyuma kinaandika `^?` badala ya kufuta.

Mzee wa Seva: Andika `stty erase`, acha nafasi, ubonyeze Ctrl-V kisha kitufe hicho hicho, halafu Enter. Na usimwulize Fundi, atakuandikia kurasa tatu.

Fundi Nyaya: Mbili tu.