Usukani wa michezo ya mbio za magari: wa meno, wa mkanda, au wa mota ya moja kwa moja?

Mpenda Kona

Wakuu, heshima mbele. Nina PlayStation 5, na mchezo ninaoucheza zaidi ni Gran Turismo 7, ingawa nakusudia baadaye kununua kompyuta ili nicheze pia Assetto Corsa na Euro Truck Simulator 2. Sasa nataka usukani wenye mota ndani yake, ule unaovuta na kusukuma mikono kulingana na jinsi tairi zinavyoshika barabara. Nimepata Logitech G29 na Thrustmaster T300 RS, zote zimetumika, pamoja na Gran Turismo DD Pro ya Fanatec ikiwa mpya, ambayo bei yake inazipita hizo mbili kwa mbali. Muuzaji mwingine ananishawishi nichukue G920 kwa kuwa anaiuza kwa bei nafuu. Naomba kufahamishwa tofauti ya msingi kati ya mitambo hii, na kama tofauti hiyo mtu anaihisi kweli akiwa kwenye kona. Meza yangu ni ya mbao nyepesi.

Gia ya Tatu

Mkuu, G920 iondoe kwenye hesabu. Ndani yake inafanana sana na G29, lakini imetengenezwa kwa ajili ya Xbox na kompyuta, na PlayStation haitaitambua hata kama waya wake unaingia vizuri, kwa sababu mashine hizi hukubali vifaa vyenye leseni yake tu. Kwa sababu hiyohiyo usukani wa Moza R5, ambao wengi huusifu, haukufai kwa sasa, kwani ni wa kompyuta. Hizo tatu ulizozitaja zinafanya kazi kwenye PlayStation 5, na zote utahama nazo siku utakapopata kompyuta.

Tofauti ya msingi ni njia ambayo nguvu inapita kutoka kwenye mota hadi mikononi. G29, iliyotoka mwaka 2015, ina mota mbili ndogo zinazozungusha mhimili kwa magurudumu ya meno. Meno hayo ni imara, lakini hutoa kelele unapopita kwenye barabara mbovu, na katika usukani uliotumika sana unaweza kukuta mlegeo mdogo katikati, yaani mahali pale pale unapohitaji uthabiti ukiwa kwenye mwendo kasi. T300 hutumia mkanda, kwa hiyo ni laini na tulivu zaidi, ila mkanda humeza baadhi ya mitetemo midogo kabla haijakufikia. Katika DD Pro usukani umefungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe, pasipo meno wala mkanda, na hiyo ndiyo huitwa mota ya moja kwa moja. Nguvu yake ni nyuton-mita 5 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na hufika 8 ukinunua adapta kubwa ya umeme, ilhali G29 iko karibu na 2.

Dereva wa Usiku

Naongeza kwa sababu takwimu za nguvu huwapotosha wanunuzi wengi, wakadhani kwamba usukani mzito ndio usukani bora. Tunachokitafuta ni habari. Tairi za mbele zinapokata kona huzalisha nguvu inayotaka kuurudisha usukani katikati, na nguvu hiyo huanza kupungua kabla tairi hazijafika kikomo cha mshiko wake. Mikono ikihisi usukani unaanza kuwa mwepesi huku gari bado liko ndani ya kona, hilo ni onyo kwamba ukiendelea kukata, sehemu ya mbele itateleza kwenda nje. Macho hayawezi kukupa onyo hilo mapema kiasi hicho.

Mota ndogo huipoteza habari hiyo kwa urahisi. Mchezo ukiiomba nguvu iliyo juu ya uwezo wake, inatoa kiwango chake cha mwisho na kubaki hapo, na kona nzito zote zinakuwa na uzito mmoja. Ukinunua G29, basi, usipandishe nguvu ndani ya mchezo hadi mwisho. Ishushe mpaka uanze kutofautisha kona moja na nyingine. Faida kubwa ya mota ya moja kwa moja naiona hapo, kwamba inabaki na nafasi ya kukueleza jambo hata pale nguvu ni nyingi, na inafanya hivyo upesi. Kwa maoni yangu tofauti kati ya meno na mkanda ni ya starehe, lakini tofauti kati ya mkanda na mota ya moja kwa moja inabadilisha namna unavyoendesha.

Vumbi la Naivasha

Ndugu, kabla ya kulipa fikiria hiyo meza. Nyuton-mita 5 zitaitikisa meza nyepesi, na nguvu iliyokusudiwa mikono yako itaishia kwenye mbao. Kama fedha haitoshi kwa DD Pro pamoja na fremu ya chuma ya kuufungia usukani, ningechukua T300 iliyo katika hali nzuri, na kiasi kinachobaki nikiweke kwenye fremu na pedali. Breki ndiyo inayopunguza muda wa kumaliza mzunguko mmoja wa uwanja kuliko kitu kingine. Pedali za kawaida hupima umbali ambao mguu umeshuka, wakati zile bora hupima nguvu ya mguu, na mguu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko umbali.

Ukienda kukagua kilichotumika, omba kiwashwe mbele yako. Usukani unatakiwa kujizungusha wenyewe pande zote mbili bila kukwama, kisha kanyaga kila pedali polepole ukitazama kipimo kwenye skrini. Kikirukaruka, kihisio kina vumbi au kimelika. Hakikisha pia kwamba adapta ni ile iliyotoka nao.

Na ukifika kwenye michezo ya rali, ukaendesha Safari ya Kenya katika EA Sports WRC kwa mota ya moja kwa moja, weka vidole gumba nje ya duara la usukani. Gari likigonga jiwe, usukani hugeuka ghafla na unaweza kuumiza kidole.

Mpenda Kona

Nawashukuru wote. G920 nimeiacha. Swali moja limebaki: kwa malori ya Euro Truck, je, mzunguko wa G29 unatosha?

Gia ya Tatu

Unatosha. G29 huzunguka nyuzi 900 na T300 nyuzi 1080, na kwa lori zote mbili ni nzuri. Kwa magari ya Formula 1 utapunguza hadi karibu 360 kwenye mipangilio.