Mpaka mguu ukatwe ndipo tuchange?

Wiki iliyopita kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa wetu hapa Majengo, Mombasa, iliingia picha: mguu wa mzee mmoja jirani yetu, bendeji kutoka vidoleni hadi juu ya kifundo, na nambari ya M-Pesa chini yake. Kisukari. Madaktari wanataka kuukata. Kabla ya Isha zilikuwa zimeingia elfu themanini na kitu, kila aliyetuma ameandika "Mola amjaalie shifaa". Nami nilituma mia tano.

Mzee huyohuyo mwezi wa Machi alikuja barazani kwetu akauliza nani ana mia mbili za kumwongezea, anunue stripi za mashine ya kupimia sukari. Mmoja akamwambia apunguze kaimati. Tukacheka. Nilikuwepo, na sikutoa kitu.

Basi naweka swali hapa tulijadili. Kwa nini mguu tunauchangia na stripi hatuichangii? Hoja yangu ni kwamba grupu za mtaa ziache michango ya picha, kila mtu atoe shilingi hamsini kwa mwezi, tuwashike watu wanne watano wasio na uwezo kabisa. Hesabu si ngumu. Anayepima mara mbili kwa siku anamaliza stripi 60 kwa mwezi, na kopo lina 50. Siku za mwisho anakisia tu. Wa insulini, ile dawa ya kudunga, ndiye hasa: chupa ikishafunguliwa huwekwa nje ya friji kama wiki nne, lakini si kwa joto letu la Februari ndani ya chumba cha mabati. Asiye na friji anaiweka ndani ya mtungi wa udongo, na hata mtungi wenyewe ni pesa.

Wa Likoni
Yakhe, mimi sichangi. Tangu Oktoba 2024 nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya serikali, halafu nitoe hamsini nyingine kufanya kazi ya SHA? Tukizoea kuziba kila pengo, hao waliokula kiapo watalala usingizi. Pesa hizo tupige nazo kelele kaunti.

Mwenye mada
Kelele tupige, niko pamoja nawe. Lakini wewe unakatwa kwenye payslip hata huhisi. Mama wa viazi karai anatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo, na kwa kiwango cha chini kabisa cha 300 kwa mwezi hiyo ni 3,600. Na hata aliyelipa, stripi za kupimia nyumbani kila ninayemjua ananunua mwenyewe dukani. Sukari haingoji kikao cha kaunti.

Wa Mji wa Kale
Shida yangu ni sitara. Mamangu ana sukari mwaka wa kumi na mbili na majirani hawajui. Huo mfuko wenu utaanza na orodha, orodha itafika kwenye grupu, na kesho binti yangu akiposwa wataulizana kama kwetu kuna maradhi. Najua mtanijibu mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hamtaumbuliwa nyinyi. Kama mnataka nitoe, pesa ziende moja kwa moja kwa mwenye famasia, na majina ayajue yeye na mtu mmoja mwengine, basi.

Wa Kisauni
Sawa, na huyo mtu mmoja atakagua nani? Sisi tulikuwa na mfuko kama huo. Mweka hazina alibadilisha laini ya simu, akahama, mpaka leo tunaulizana. Kila mwisho wa mwezi taarifa ya M-Pesa ya nambari ya mfuko iwekwe wazi: kiasi kilichoingia, kilichotoka, famasia gani. Jina la mgonjwa halina haja ya kuonekana hapo. Sitara ya mgonjwa si sitara ya mweka hazina.

Muuguzi, Tudor
Mnazungumza kama wagonjwa wote wa sukari ni wazee. Kuna watoto ambao miili yao haitengenezi insulini kabisa. Mzee wa vidonge akikosa wiki moja anaumia, lakini mtoto huyu akikosa siku chache tu tunampoteza. Kabla ya 1922, mwaka ambao mgonjwa wa kwanza alidungwa insulini kule Toronto, hakuna aliyeokoka kifo hicho. Banting na wenzake walioigundua, hataza yao, yaani haki ya kuitengeneza na kuiuza, waliiuzia chuo kikuu cha hukohuko kwa dola moja moja, ili dawa isiwe ya matajiri. Sasa mimi naona mama anatoka Mtongwe, anavuka feri, anagawa dozi ya mtoto nusu ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Mkianza, anzeni na hao. Na tafadhali, mfuko usinunue mitishamba ya "kumaliza sukari kabisa" inayouzwa humohumo kwenye magrupu yenu.

Mwenye mada
Nakubali, watoto kwanza. La famasia na la taarifa nayo nayakubali. La picha ndilo sijabadilika, picha zikome.

Wa Majengo
Mimi ndiye mtoto wa huyo mzee. Picha niliipiga mimi. Kabla yake nilituma maneno matupu siku tatu mfululizo, nikamweleza baba, kidonda, deni la hospitali. Ikaingia elfu moja na mia nne. Baba hakupenda, aligeuza uso ukutani wakati napiga. Haya niambie, bila picha hizo hamsini zako zingetoka wapi?

Mwenye mada
Sina jibu, ndugu yangu. Na pale barazani Machi, aliyesema la kaimati hakuwa mwengine, nilikuwa mimi. Ijumaa baada ya Alasiri nitakuwa kwenye famasia ya pale sokoni, naanza na mia mbili zile.