BAH kwa mzazi mmoja mwenye malezi ya pamoja: wameniambia nirudi baraki

Baba Imani:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni E-5 (sajenti), jeshi la nchi kavu la Marekani. Talaka yetu ilitoka mwaka jana. Amri ya mahakama inasema malezi ni ya pamoja: binti anakaa wiki moja kwangu, wiki moja kwa mama yake. Matunzo hakuna anayemlipa mwenzake, hakimu aliona mishahara yetu inakaribiana. Mama yake ni raia wa kawaida, nesi, hana uhusiano wowote na jeshi.

Tangu talaka LES yangu (hati ya mshahara) imekuwa ikionyesha BAH, yaani posho ya nyumba, ya wenye wategemezi, nami nikapanga nyumba ya vyumba viwili nje ya kambi. Juzi nikaenda kuhuisha fomu ya posho hiyo, DA 5960. Karani wa S-1, ofisi ya utumishi ya kikosi, akaisoma amri ya mahakama, akaniambia sistahili kwa sababu mtoto hakai kwangu siku 90 mfululizo. Eti nijiandae kurudi baraki, na fainansi watanidai tofauti yote tangu talaka.

Naomba aliyepitia hili aniambie: wiki kwa wiki inahesabiwaje? Mkataba wa nyumba bado una miezi mingi, na baraki mtoto wa miaka sita halali.

Sajenti Mstaafu:

Pole sana kijana wangu. Nilikaa S-1 miaka mingi, tangu enzi za posho za zamani za nyumba, BAQ na VHA, kabla BAH haijaja mwaka 1998, na shida ilikuwa hiihii: kila karani ana kanuni yake kichwani. Kanuni yenyewe iko JTR, kitabu cha kanuni za posho za majeshi yote, sura ya 10.

Siku 90 zimo humo, sikatai. Lakini angalia zinamhusu nani. Kuna askari anayelala baraki, mtoto anaishi kwa mzazi mwenzake, na askari analipa matunzo. Huyo anapewa BAH-DIFF, posho ndogo ya anayelipa matunzo. Mtoto akija kwake likizo ya kiangazi akakaa siku 90 au pungufu, hiyo ni ziara, haimpandishi kwenye kiwango cha wenye wategemezi. Akipitisha siku 90 mfululizo ndipo mambo hubadilika. Wewe hulali baraki na hulipi matunzo. Mwombe karani akuonyeshe aya anayoitumia, kisha aiandike kwenye memo yenye saini. Neno la mdomo usilikubali.

Mama Baraka:

Mzee, kwa heshima zote, usimpe mwenzetu tumaini ambalo S-1 yake hawataliheshimu. Mimi nimepita hapo nikiwa Fort Cavazos. Amri za Texas huwapa wazazi wote wawili ulezi wa pamoja, lakini mmoja hutajwa kuwa ndiye mwenye haki ya kuamua mtoto aishi wapi. Kwangu nilitajwa mimi. Baba yake ana wikendi ya kwanza, ya tatu na ya tano, na siku 30 za kiangazi. Karani wetu aliirukia sentensi hiyo tu, kurasa nyingine zote hakuzitazama. DA 5960 ikasainiwa siku hiyohiyo.

Rafiki yangu amri yake imeandika nusu kwa nusu bila kumtaja yeyote. Alizungushwa baina ya S-1 na fainansi mpaka akaishiwa nguvu. Kwa hiyo Baba Imani, kabla ya yote, amri yako inamtaja nani kwenye makazi ya mtoto? Shule anaandikishwa kwa anwani ya nani?

Kaka wa Norfolk:

Fort Cavazos imerudi kuitwa Fort Hood tangu 2025, dada.

Kuhusu mada: sisi wa majini hatuna DA 5960, tunajaza NAVPERS 1070/602, na wa jeshi la anga wana AF 594, lakini JTR ni moja kwa wote. Mimi mtoto wangu yuko kwa mama yake Maryland na halali kwangu hata usiku mmoja kwa wiki. Napata kiwango cha wenye wategemezi kwa sababu naishi nje ya kambi, na matunzo ninayolipa hayapungui BAH-DIFF ya cheo changu. Kila mwaka napeleka risiti za matunzo na amri ya mahakama, basi. Baba Imani angerudi kwa hakimu, wakubaliane na mama mtoto aandikiwe matunzo yanayofika kiwango hicho. Tatizo limekwisha.

Sajenti Mstaafu:

Kaka wa Norfolk, fikiri unachomshauri mwenzako. Mtu aliyekwisha kutiliwa shaka aende akabadilishe amri ya mahakama ili posho ikae sawa? Wakipeleleza wataiweka tarehe ya amri mpya kando ya tarehe aliyokataliwa. Saini kwenye DA 5960 ni tamko rasmi. Tamko la uongo ni Article 107 ya UCMJ, sheria ya kijeshi, na pesa zenyewe ni Article 121, wizi. Nimewaona vijana wazuri wakivuliwa vyeo kwa sababu ya BAH, wengine walifuata tu ushauri wa marafiki.

Kaka wa Norfolk:

Sijasema adanganye popote. Matunzo yakiandikwa na hakimu na yakalipwa kweli kila mwezi, uongo uko wapi? Soma vizuri kabla ya kunitajia Article.

Sajenti Mstaafu:

Nimesoma.

Mtoto wa Tanga:

Jamani tuache kuvutana. Mnasahau deni, na deni ndilo litakalomfikia kwanza. DFAS, ofisi kuu ya malipo ya jeshi, hawasubiri mjadala uishe, wanakata kwenye mshahara. Mimi sababu yangu ilikuwa nyingine, walichelewa kunitoa kwenye posho ya kutengana na familia, lakini njia ni ileile. Jaza DD 2789 mara moja, ueleze kwamba ulipeleka nyaraka zote kwa wakati na kosa si lako. Weka nakala ya kila LES, kila barua pepe, na ile DA 5960 ya kwanza waliyoipitisha wenyewe. Nyumbani tunasema mali bila daftari hupotea bila habari, na jeshini ndivyo kabisa.

Mama Baraka:

Mtoto wa Tanga, mweleze vizuri, zipo fomu mbili. DD 2789 ni ya kuomba usidaiwe malipo yaliyotolewa kimakosa, na watakuuliza kama ulijua au ulipaswa kujua kwamba hukustahili. DA 3508 ni ya kuomba deni lifutwe, inapita kwa kamanda na wanaangalia hali yako ya maisha. Ukizichanganya zinarudishwa. Na kujaza fomu peke yake hakusimamishi makato. Aombe kupunguziwa kiasi kinachokatwa kila mwezi wakati shauri linasikilizwa.

Pia kwa nini hakuna aliyemwambia aende JAG, kwa wanasheria wa jeshi? Ofisi ya msaada wa kisheria haimtozi askari hata senti. Aende na amri ya mahakama nzima, kurasa zote, si ule ukurasa wenye muhuri tu.

Nesi wa Tacoma:

Dada Mama Baraka kasema kweli kuhusu JAG. Mimi ni mama, niko peke yangu na wanangu wawili, na ningependa Baba Imani aangalie jambo ambalo wanaume wengi hawaambiwi mapema: mpango wa malezi ya familia, DA 5305. Ukiwa huna mwenzi na una malezi ya pamoja, kanuni ya jeshi AR 600-20 inakutaka uwe nao. Mlezi wa muda mfupi, mlezi wa muda mrefu, hati ya uwakilishi DA 5841, na DA 5840 ya mlezi kukubali. Usipokuwa na mpango unaofanya kazi wanaweza kukuondoa jeshini kwa sababu ya uzazi tu. Kwa BAH utapunjwa pesa, kwa hili utapoteza kazi yenyewe.

Mlezi wangu wa muda mrefu niliandika mama yangu, yuko Moshi. Kamanda akaniuliza: mtoto atafikaje Moshi, nani atamsindikiza, tiketi inalipwa na nani, pasi zao ziko wapi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikajaribu kumleta mama huku mapema ili awazoee watoto, akanyimwa viza. Mama ameuza ndizi Kiboriloni akatusomesha sote, hana benki ya kuonyesha. Nililia sana siku ile. Ningekuwa nyumbani, watoto wangelala kwa bibi na hakuna ambaye angenidai fomu.

Mzee Kilifi:

Binti, umenigusa. Mimi si askari, ni baba wa askari. Mwanangu yuko Fort Bliss na mke alimwacha na mtoto mchanga. Nilikwenda nikakaa naye miezi sita, kadiri viza ilivyoniruhusu. Kazi ya kumpeleka mtoto CDC, kituo cha kulelea watoto cha kambini, alfajiri, giza bado, baba yake akimbie PT, mazoezi ya asubuhi, jioni arudi amechoka na aanze kupika. Hakuna shangazi, hakuna jirani wa kumwachia mtoto hata dakika kumi. Kwetu Kilifi mtoto hulelewa na mtaa mzima. Pale mjukuu wangu alinizoea mimi tu, na nilipoondoka walinipigia simu usiku, mtoto anakataa kula.

Hizo posho mnazozipigania ni nyumba ya mtoto. Watu wa ofisini wanaona safu ya namba.

Mtoto wa Tanga:

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa. Na Watanzania tuna mzigo wa ziada. Wengi tuliingia jeshini na kadi ya kijani, tukapata uraia kwa kupitia utumishi, kwa fomu N-400 na N-426, haraka kuliko wahamiaji wasio askari. Siku ile unaapa, uraia wa Tanzania umekwenda. Mwanangu nikimpeleka kwa bibi yake Tanga ninamwombea viza kama mgeni. Wakenya tangu katiba ya 2010 wanabaki na pasi mbili. Sisi tunapigiwa porojo kila uchaguzi ukikaribia.

Nesi wa Tacoma:

Sasa kuna hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania.

Mtoto wa Tanga:

Hadhi maalum si uraia. Haikupi kura. Nimetuma pesa za ada, za hospitali, za mabati ya nyumba ya mama, na nchi inaniita mgeni mwenye hadhi. Sitanyamaza kwa hilo.

Kaka wa Norfolk:

Na sisi wenye pasi mbili msituonee wivu sana. Kura ya diaspora unapigia ubalozini au konseli. Kutoka Norfolk mpaka Washington ni saa tatu na zaidi kwa gari, na kama zamu yako iko melini, umeikosa.

Mama Baraka:

Ndugu, Baba Imani anahamishwa nyumba, ninyi mko kwenye kura. Baba Imani, umesoma? Hujatuambia amri inasemaje kuhusu makazi.

Baba Imani:

Nasoma zote, asanteni. Amri haimtaji yeyote kuwa mwenye makazi ya msingi. Inasema usiku unagawanywa sawa. Shule ameandikishwa kwa anwani yangu kwa sababu iko karibu. Kwenye DEERS, orodha ya jeshi ya wategemezi, yuko chini yangu, na kwa Tricare, bima ya afya ya jeshi, anatibiwa kupitia mimi. Karani nilimwomba aya ya JTR kama alivyosema mzee, akasema ataniletea. JAG wamenipa nafasi wiki ijayo. Mpango wa DA 5305 ninao, kaka yangu wa Kent ndiye mlezi.

Sajenti Mstaafu:

Vizuri kwamba ameandikishwa shule kwako. Chukua barua ya shule, chukua na rekodi za daktari. Na kamanda wako ajue leo, kabla fainansi hawajamwandikia. Askari anayemwendea kamanda mwenyewe na mafaili mkononi husikilizwa tofauti na yule anayeitwa. Kuhusu wiki kwa wiki, msimamo wangu ni uleule: ile ya siku 90 ni kanuni ya ziara, na mtoto wako hakutembelei, anaishi kwako.

Mama Baraka:

Mzee, na mimi msimamo wangu ni uleule. Nusu ya mwaka anaishi pia kwa mama yake, na karani atasema hivyohivyo. Ndiyo maana nataka aipate kwa maandishi ya JAG, si ya kwetu hapa.

Askari Mpya:

Samahani kwa kuingilia. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza AIT, mafunzo ya fani jeshini, na mwanangu yuko Eldoret kwa mama yake, hatukuoana. Nimesikia BAH inahesabiwa kwa mji anaoishi mtoto, ni kweli? Na cheti cha kuzaliwa cha eCitizen kinatosha kumwingiza DEERS?

Kaka wa Norfolk:

Si kweli. BAH inaangalia kituo chako cha kazi, cheo, na kama una wategemezi. Eldoret haiingii kwenye hesabu. Kuhusu DEERS, kwa baba ambaye hakuoa, cheti peke yake mara nyingi hakitoshi. Watataka uthibitisho kwamba mtoto ni wako kisheria, na kwamba unamtunza. Anza kuweka risiti za pesa unazotuma, kila moja iwe na jina la mama mtoto na tarehe. M-Pesa inakupa taarifa ya miezi iliyopita, ichapishe.

Nesi wa Tacoma:

Na usitume kupitia kwa shemeji au rafiki anayesafiri. Pesa ya mkononi haina risiti. Kuna binti kwenye kitengo chetu alimsomesha mwanawe kwa njia hiyo, na ofisini hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Askari Mpya:

Nimekuwa nikimtumia dada yangu, yeye ndiye anampelekea. Hiyo inahesabiwa?