Mjadala: Je, Sindhu alikuwa na haki ya kumdai JKB aimbe kwa Kitamil?

MLETA MADA

Ndugu wapenzi wa filamu na muziki, ninaleta kwenu filamu ya Kitamil iitwayo Sindhu Bhairavi, iliyoongozwa na K. Balachander mwaka 1985 na kutiwa muziki na Ilaiyaraaja, kwa sababu imebeba hoja ambayo Watamil wamekuwa wakiibishania tangu kabla ya uhuru wa India. Kwa asiyeiona: JKB ni mwimbaji mashuhuri wa Karnatiki, yaani muziki wa kitaaluma wa India Kusini, na ni mkali hadi kumtimua mpiga ngoma wake aliyefika kazini amelewa, kisha akaendelea na onyesho bila ngoma. Mkewe Bhairavi anampenda kwa dhati, lakini muziki haumwingii. Siku moja, katikati ya onyesho, mwalimu wa muziki aitwaye Sindhu anamuuliza kutoka kwenye hadhira kwa nini hawaimbii watu hawa kwa Kitamil, lugha wanayoielewa. JKB anamwambia aimbe yeye basi. Sindhu anaimba Padariyen Padippariyen, wimbo wenye mahadhi ya kijijini, na ukumbi mzima unahamia upande wake. Mapenzi yao yanaanzia hapo, na balaa lake pia.

Ili tubishane kwa haki, ni vyema tukumbuke mambo yalivyofikia hapo. Tyagaraja, aliyeishi kati ya 1767 na 1847, alizaliwa Tiruvarur na kukaa Thiruvaiyaru, katikati kabisa ya nchi ya Watamil, lakini nyumbani kwao kulizungumzwa Kitelugu na nyimbo zake alizitunga kwa lugha hiyo. Mwenzake Muthuswami Dikshitar alitunga kwa Kisanskriti. Kazi za mabwana hao ndizo zilizokuja kulijaza onyesho la Karnatiki, na tungo za Kitamil, ambazo nazo zina watungaji wake wa kale kama Muthu Thandavar na Arunachala Kavi, zikasogezwa mwishoni, wakati wasikilizaji wameshaanza kutafuta viatu vyao, zikaitwa tukkada, yaani vipande. Mwaka 1943 Raja Annamalai Chettiar aliongoza kuanzishwa kwa Tamil Isai Sangam, yaani chama cha muziki wa Kitamil, mjini Madras (sasa Chennai) ili nyimbo hizo zipewe nafasi yake, na wapinzani, wakiwemo wakubwa wa Music Academy, taasisi ya muziki wa Karnatiki ya mji huohuo, wakashikilia kwamba sanaa isipimwe kwa lugha.

Msimamo wangu ni kwamba Sindhu alikuwa na haki, ingawa sababu aliyoitoa hainitoshi. Yeye analalamika kwamba watu hawaelewi maneno. Lakini pwani yetu hii kuna watu wengi walioimba nyimbo za filamu za Kihindi tangu mwanzo hadi mwisho, machozi yakiwatoka, pasipo kujua maana hata ya ubeti mmoja. Hoja nzito zaidi imo ndani ya muziki wenyewe. Wimbo wa Sindhu umewekwa katika raga, yaani mpangilio maalumu wa noti, iitwayo Saramati. Unaanza kama wimbo wa mtu wa shambani, na maneno yake yanakiri kwamba mwimbaji hajui kuimba wala hajasoma. Kisha, karibu na mwisho, sauti inaanza kutaja noti kwa majina yake, sa ri ga ma, kama afanyavyo mwimbaji aliyefundwa, na ghafla tumo ndani ya Mari Mari Ninne, utungo wa Kitelugu wa Tyagaraja, wala hatukuuona mlango tuliopitia. Ilaiyaraaja ametusikilizisha kwamba wa shambani na wa ukumbini ni ndugu wa tumbo moja. Ikiwa ni hivyo, basi kumweka mmoja katikati ya onyesho na kumwacha mwingine asubiri wakati wa viatu ni suala la heshima, na ufundi unatajwa kama kisingizio tu.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri, lakini umepita kimya kimya mahali ambapo ungepaswa kusimama. Mari Mari Ninne, kama ulivyopokewa, huimbwa katika raga ya Kambhoji. Ilaiyaraaja ndiye aliyeuhamishia Saramati ili ukutane na wimbo wa Sindhu, na wahafidhina walinung'unika kwa sababu ya msingi. Undugu huo unaousifu haukugunduliwa, umetengenezwa studio. Balachander amempa Sindhu wimbo mtamu na akampa JKB kiburi, halafu anatuuliza nani ameshinda.

Isitoshe, katika utungo wa Karnatiki neno na sauti vimezaliwa pamoja. Maneno ya Kitelugu huishia kwa irabu, hivyo mwimbaji anaweza kulivuta neno mpaka pumzi imwishie, jambo ambalo wazungumzaji wa Kiswahili hatuna haja ya kufafanuliwa. Kitamil kina maneno mengi yanayofungwa kwa konsonanti. Sisemi lugha moja ni bora kuliko nyingine. Ninasema aliyeutunga utungo alichagua, na mwimbaji ni mwenye kutunza amana. Atakaye nyimbo za Kitamil na azitunge, zishindane.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba kuwapinga nyote wawili kwa kutumia historia iliyo karibu nasi. Taarab ya baraza la Sultani kisiwani Unguja iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu, aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya HMV. Mleta mada anasema kuelewa maneno si hoja nzito. Basi na ausikilize wimbo wa Kijiti, unaosimulia mwanamke aliyeuawa, muuaji aliyetoroka, na kesi iliyowaangukia wengine. Wimbo ule ungekuwa kwa Kiarabu, wakazi wa Ng'ambo, mtaa wa wanyonge mjini Unguja, wangepata nini zaidi ya mahadhi? Lugha ilipobadilika, kilichoweza kusemwa jukwaani nacho kilibadilika. Ndiyo maana naona Sindhu aliitoa hoja iliyo sahihi kwa maneno yaleyale aliyoyatumia, na hahitaji kutetewa kwa raga.

MCHANGIAJI WA TATU

Mnajadili lugha kana kwamba filamu inaishia pale ukumbini. Sindhu huyo anayeshinda kwa sauti yake anapata mimba, anaondoka, na mwishowe anarudi kumkabidhi mtoto Bhairavi na kwenda zake, wakati JKB, aliyezama kwenye ulevi hadi kuimba wimbo wa Thanni Thotti ili apate kinywaji, anarudishiwa nyumba, mke na jukwaa. Muziki unampa haki, hadithi inamnyang'anya. Na jambo jingine dogo: waimbaji wakuu wa filamu hii inayodai Kitamil kipewe nafasi, K. J. Yesudas na K. S. Chithra, wote ni watu wa Kerala, jimbo la jirani ambako huzungumzwa Kimalayalam, na Chithra alipata Tuzo ya Taifa ya India kwa wimbo huohuo wa Padariyen, sambamba na Ilaiyaraaja kwa muziki na Suhasini kwa kumwigiza Sindhu. Mwenye kudai kwamba lugha ni damu na alitafakari hilo.

MLETA MADA

Ninashukuru kwa michango. Kwa mchangiaji wa tatu sina la kupinga kuhusu hatima ya Sindhu. Hata mimi naona nusu ya pili ya filamu imeandikwa na mtu aliyeogopa alichokianzisha katika nusu ya kwanza.

Kuhusu Siti, mfano ni mzuri, ila kuna tofauti. Siti aliimba kwa Kiswahili akitokea nje ya baraza, akawavuta wakubwa wamfuate. Sindhu anamtaka aliyekwisha kukaa barazani ashuke mwenyewe, na hilo ni gumu zaidi, kwa kuwa JKB hana anachokosa kwa kubaki alipo.

Kwa mchangiaji wa kwanza: amana ninaielewa, lakini umesema Kitamil kitunge na kishindane, na katika filamu hiihii kimetunga. Kalaivaniye, wenye maneno ya Vairamuthu na sauti ya Yesudas, umejengwa katika raga ya Kalyani kwa noti za kupanda pekee; sauti haipiti kabisa katika noti za kushuka, na bado raga inatambulika wazi. Hilo ni zoezi ambalo mwalimu yeyote wa Karnatiki angeliheshimu, na konsonanti za Kitamil hazikulizuia. Ninachosubiri kwako ni jibu la jambo moja: utungo kama huo ukiimbwa Chennai katika msimu wa maonyesho wa Desemba, utakubali uwekwe katikati ya onyesho, au nao utausogeza mwishoni?